Mgongo Unaojua Maji na Unga

Domitille hakukalia dawati la shule hata siku moja, lakini ungempa mtoto mgongoni angekutajia kilo zake kabla hujamaliza kufunga kitenge. Hakuwa mchawi. Wapo waliosema hivyo, na tutafika kwao. Yeye alikuwa mbebaji. Kwa miaka kumi na mmoja alipandisha mizigo ya watu kutoka bandari ya Bukavu hadi soko la Kadutu, mlima mtupu, kamba ya mugozi ikimkaza paji la uso, mwenye mali akimwambia, "Hii gunia iko kilo hamsini tu, maman," huku mgongo wake ukimjibu kwamba ni sitini na mbili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hao, nadhani, hawakuwahi kupanda Kadutu.

Mwaka wa 1977 goti lake la kulia liligoma. Likawa linapinda lenyewe katikati ya mteremko, na mbebaji ambaye goti linampindia hana kazi. Alikaa nyumbani wiki moja, na katika wiki hiyo aliona jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuliona kwa sababu saa hizo alikuwa njiani na mzigo. Wenzake walikuwa wakitoka kabla ya jua na kuwafungia watoto ndani. Mwenye miaka minne alimlinda wa miwili, wa miwili alimlinda wa miezi kumi, na katikati yao sufuria ya bugali wa jana. Kutwa nzima ulisikia kilio nyuma ya milango, mpaka jioni. Kuna nyumba moja ambayo kilio kilinyamaza mchana, na huko ndiko Domitille alikokwenda kubisha hodi kwa hasira mpaka mlango ukang'oka.

"Muniletee bale batoto," aliwaambia wenzake jioni hiyo. "Gunia siwezi tena. Lakini mutoto, nitamubeba."

Walimletea tisa. Baada ya mwezi walikuwa ishirini, na ua wake hauna hata mahali pa kuanika nguo. Parokia ikamwazima chumba nyuma ya karakana ya useremala, chumba chenye harufu nzuri ya mbao na dirisha moja. Muuguzi mmoja aitwaye Agnès, aliyekuwa akipita kila mwezi, akamfundisha kupika uji wa mahindi na soya, maziwa ya unga, mafuta kidogo na sukari, na kuwapa watoto kidogo kidogo mara tano kwa siku badala ya bugali moja wa kuvimbisha tumbo. Wasichana wawili wa mtaa walikuja kuwaimbia na kuwachezesha kwa vipande vya mbao alivyovitupa seremala. Ofisi ya afya ya zone, yaani ya wilaya ile, ikaanza kuleta maziwa na soya. Watu wakapaita Foyer, kwa Kifaransa makao. Ukiwauliza watoto, walipaita kwa Mama Mugongo.

Jina hilo lilitokana na mambo ya mlangoni. Kila alfajiri akina mama walipanga mstari kabla ya kwenda kubeba, kamba mabegani, watoto mikononi. Domitille aligeuka. Mama alimweka mtoto mgongoni pake. Domitille alitembea hatua tatu, akamrusharusha kidogo kama mtu anayeweka gunia sawa, kisha akatamka. "Kilo nane. Juzi alikuwa nane na kidogo. Jana alikula nini?" Na mama, hata awe mwongo wa kutupwa, alikiri. Mgongo ulikuwa umekwisha kumshtaki.

Mwaka wa 1981 ofisi ya zone ilimtuma ajenti wa kusimamia Foyer. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina la mababu refu kama mlolongo wa watu wa salongo, ile kazi ya umma ya lazima, lakini mama yake alimwita Télesphore, na Kadutu nzima ikamfuata mama yake. Alikuja na abakosti, lile koti la watumishi wa serikali, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, mafunzo ya wiki tatu, kadi zenye mistari ya rangi, na mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Alipoipachika ile ndoano kwenye boriti, mstari wote wa akina mama ulirudi nyuma hatua moja. Wote walikuwa wamewahi kuiona. Iko kwa muuza nyama.

"Mutoto wangu haiko mbuzi," alisema mmoja, na wengine wakaanza kufunga vitenge vyao waondoke.

Domitille ndiye aliyepata njia. Atampima mtoto mgongoni kwanza, kwa heshima zake zote, ataje kilo, kisha mtoto aning'inizwe kwenye kitenge cha mama yake mwenyewe, ili kile chuma kijulikane kama kinasema kweli. Akina mama walikubali papo hapo. Walitaka kuona mizani inavyojaribiwa, na si mtoto.

Ee, asubuhi ile! Maseremala waliacha randa. Wauza mkaa walisimama mlangoni. Domitille akasema kilo saba na nusu, mshale wa mizani ukaenda ukasimama saba na nusu, na watu wakapiga kelele kama timu imefunga bao. Akasema tisa, ikawa tisa na gramu mia. "Ile gramu mia ni ya kitenge," alisema, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kufikia mtoto wa kumi na mbili, Télesphore alikuwa anatokwa jasho na kalamu inamteleza. Mgala muue na haki umpe: hakukasirika. Aliziandika kilo zote kwenye kadi, akatabasamu kidogo, akasema ofisini hawatamwamini.

Basi mambo yakaenda vizuri kwa miezi minne, mpaka alipokuja mtoto aitwaye Sikujua.

Sikujua alikuwa na miaka miwili kasoro kidogo. Mama yake, Clémence, alikuwa mgeni katika kazi ya kubeba. Mume alikwenda kuchimba dhahabu Kamituga na barua zake zilikoma. Clémence alisikia kwamba Foyer imebaki na nafasi moja, ya thelathini na ya mwisho kwenye liste ya ofisi, akaja na mtoto huku anatembea kwa maringo kidogo, maana mtoto wake alikuwa mnene. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, ngozi inang'aa. Katika mstari ule wa watoto wenye shingo nyembamba alionekana kama mtoto wa tajiri. Wenzake walimsifu. Mmoja alimuuliza anampa nini.

"Bugali tu," Clémence alijibu, na kwa haki kabisa alijivuna.

Domitille alimpokea mgongoni. Akatembea hatua tatu. Akasimama. Akatembea tatu nyingine, na uso wake ulibadilika hata seremala aliyekuwa akitazama akauliza kama goti limemwuma.

Niseme hapa jambo ambalo Domitille hakulisema kwa watu wengi. Alipokuwa angali kijijini, kabla ya mugozi na kabla ya Kadutu, alikuwa na mtoto aitwaye Benoît. Naye alinenepa ghafla, baada ya kuachishwa ziwa, na majirani walimsifu wakamwimbia. Domitille alikwenda naye shambani mgongoni, na kila alipoinama alihisi mzigo ukisogea polepole, ukichelewa kumfuata, kama kibuyu kisichojaa. Mgongo ulimwambia. Yeye akasikiliza majirani. Siku ya sita Benoît alikufa akiwa bado ana mashavu, na hapo ndipo bibi mmoja alipolitaja jina la ugonjwa, bwaki, unaomvimbisha mtoto kwa njaa. Domitille alilia kwa uchungu na kwa aibu pia, na aibu ndiyo iliyodumu.

Sasa, miaka mingi baadaye, kibuyu kile kilikuwa mgongoni pake tena.

"Kilo tisa na nusu," alisema. "Lakini mbili kati yake ni maji."

Télesphore alimning'iniza mtoto. Mshale ulisimama panapo tisa na nusu. Akatazama kadi yake, na nukta ikaangukia juu ya mstari, mahali pa watoto wazima.

"Neuf et demi. Huyu mutoto iko muzuri, maman. Hii nafasi ni ya bale bakondefu."

"Citoyen," Domitille alimwita kwa heshima ya kiserikali, "huyu ni mukondefu. Maji njo inamufunika."

"Balance haisemake bongo," alijibu ajenti, maana yake mizani haidanganyi.

"Balance inajua kilo," alisema Domitille. "Haijue kama ni bunga ao ni maji. Mie nilibeba byote."

Clémence alikuwa amesimama katikati yao, akimtazama huyu, akimtazama yule, bila kuelewa kama mtoto wake ametukanwa au ameokolewa. Agnès angekata shauri kwa neno moja, lakini Agnès alikuwa Lwiro kwa mafunzo mpaka mwisho wa mwezi. Télesphore alieleza, kwa upole, kwamba ofisi inasoma kadi. Mtoto aliye juu ya mstari akila maziwa ya walio chini, maziwa yatakatwa kwa wote, na yeye mwenyewe atapoteza kazi.

Hapo Domitille alifanya kitu ambacho wenzake walikisimulia miaka mingi. Alitoa ufunguo wa chumba uliokuwa shingoni kwa uzi, akauweka juu ya meza ya Télesphore.

"Unipatie wiki mbili. Huyu mutoto atapungua kilo mbili na atapona. Atapungua, umenisikia? Akikosa kupungua, ao akipungua na akalala asiamuke tena, ufunguo iko yako na mie nitaenda nyumbani kwangu."

Ni nani amewahi kusikia mtu akiahidi kumpunguza mtoto ili kumponya? Mlangoni pale maneno yalivunjika kama sahani. Wengine walisema amezeeka. Wengine walisema sasa tumejua kwa nini anawapenda watoto kiasi hicho. Lakini Domitille alikuwa na moto usoni ambao hawakuuona tangu siku ya mizani. Hakuwa na hofu. Alikuwa na furaha, furaha kali ya mtu aliyepewa mara ya pili kitu alichokipoteza. Télesphore aliurudisha ufunguo kwa muda, akaandika jina la Sikujua kwa penseli.

Kazi ikaanza. Kijiko kimoja, kisha kingine. Sikujua hakutaka kula. Alikaa popote ulipomweka, akilalamika kwa sauti nyembamba, macho hayajali kitu. Wasichana wa nyimbo walimwimbia yeye peke yake na hakugeuza kichwa. Domitille alimbeba mgongoni huku akipika, huku akifagia, huku akiwapima wengine, akisikiliza. Siku ya tatu maji yaleyale. Siku ya tano alimwambia msichana mmoja, akinong'ona kama mwizi, kwamba kibuyu kimeanza kupungua. Siku ya sita nepi zililowa mara kumi na mbili, na mwanamke huyo mzima, mjane mwenye goti bovu, alicheza dansi kati ya sufuria kwa ajili ya nepi. Watoto wote walicheza naye. Hawakujua sababu, lakini watoto hawahitaji sababu.

Lakini kile kilichomfurahisha Domitille ndicho kilichokuwa kikimtisha Clémence. Kila jioni alimpokea mtoto mdogo zaidi. Mashavu yaliondoka. Miguu ikawa vijiti. Siku ya nane mbavu zikaonekana, na njiani jirani mmoja akamwuliza, kwa sauti ya huruma ambayo ni mbaya kuliko tusi, kama bado anampeleka kwa yule mama.

Siku ya tisa Clémence aliuacha mzigo wa watu nusu ya njia, kitu ambacho mbebaji hafanyi, akaingia Foyer mchana na vumbi la unga kichwani.

"Unipe mutoto wangu. Nilikuletea mutoto munene, unanirudishia mifupa. Bantu banasema unamukula."

Chumba kizima kilisikia. Wasichana wakaacha kuimba. Domitille alikuwa ameshika mwiko, na kwa mara ya kwanza katika siku zile aliogopa. Akiondoka sasa, mtoto huyu atarudi kwenye bugali mtupu katikati ya njia, maji yameondoka na nyama haijaja. Angekufa kabla ya Jumapili. Alitamani kupiga kelele, kuzuia mlango kwa mwili wake. Akakumbuka kwamba anayesimama mbele yake naye ni mbebaji.

"Mubebe," alisema.

"Njo nilichokuya kufanya."

"Hapana. Mubebe sawa muzigo. Panda naye mpaka ku église, urudie. Kisha uniambie umebeba nini. Ukisema nimemukula, umupeleke."

Clémence alimfunga mtoto mgongoni kwa hasira, akatoka. Kutoka Foyer hadi kanisani ni mwinuko wa dakika kumi. Domitille alisimama mlangoni akimtazama akipanda, na uji nyuma yake ukaungua chini ya sufuria, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu aanze kazi hiyo.

Clémence alipanda haraka, kisha polepole, kisha akasimama kabisa karibu na ukuta wa kanisa. Alikaa pale kitambo. Aliporudi, alikuwa anatembea kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba mayai, na machozi yamechora njia katika unga wa mashavu yake.

"Ananishika," alisema.

Domitille alisogea kumtazama mtoto.

"Mbele alikuwa analala tu ku mugongo. Nilikuwa nasema iko mutulivu. Sasa ananishika ma nguo na mikono yote mbili. Nilipopanda alikaza. Na iko mwepesi, maman, lakini hamwangike nyuma sawa maji. Iko pamoja na mie."

"Njo vile," alisema Domitille. "Rudi ku muzigo yako mbele ya kuibiwa."

Clémence alimwacha mtoto, akashuka mbio. Kwa siku tano zilizofuata ndiye aliyewajibu majirani, na inasemekana hakuwajibu kwa adabu.

Siku ya kumi na nne, watu walijaa mpaka karakanani. Télesphore alifika na kadi. Mimi nikimfikiria asubuhi ile namwonea huruma: akishinda amwondoe mama wa watu, akishindwa aieleze ofisi jambo lisilo na mstari. Sikujua alikuwa katikati ya uji. Alipoinuliwa alikumbatia bakuli, na walipojaribu kulichukua alipiga ukelele ambao haujawahi kutoka kwake tangu aingie chumbani humo, ukelele mnene, wa ghadhabu, wa mtu mwenye haki zake. Mstari mzima wa wabebaji ulicheka na kupiga vigelegele. Ikabidi apimwe na bakuli.

"Saba na nusu; bakuli nusu kilo, na kitenge chake," alisema Domitille bila hata kumgusa. "Saba kasoro kidogo yeye mwenyewe. Nilikosea. Maji ilikuwa zaidi ya mbili."

Ilikuwa hivyohivyo. Télesphore aliweka nukta yake, chini kabisa, mahali penye rangi nyekundu, palepale ambapo kadi inasema mtoto yu hatarini. Kisha akamtazama mtoto aliyekuwa anamtazama yeye kwa chuki kwa sababu ya uji. Kalamu ikasita. Alipitisha wino juu ya jina lililoandikwa kwa penseli, nafasi ya thelathini, na kelele zilizopigwa hapo hata bandarini walizisikia. Clémence alibebwa juu juu. Mtu alimvisha Domitille kofia ya seremala.

Katika furaha yote hiyo hakuna aliyegundua kwamba Télesphore amebaki amechuchumaa. Alikuwa ameshika mguu wa Sikujua na anaubonyeza kwa kidole gumba, anauachia, anaubonyeza tena. Watu walipotawanyika alimwendea Domitille kwenye sufuria.

"Maman. Mbele ya kuya huku, miguu yake ilikuwa inang'aa?"

"Sana."

"Na ukibonyeza?"

"Shimo inabakia."

Akafungua kifungo cha juu cha abakosti, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Alisema, akitazama chini, kwamba mshahara haujafika tangu Januari. Kwamba nyumbani kwake Bagira wanakula muhogo tu, lakini wanakula. Kwamba ana mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, mnene, na kwamba mtaa mzima unamsifu.

Domitille aliweka mwiko chini. "Umulete kesho."

Kesho yake, jua halijachomoza, wabebaji walimkuta ajenti wa zone mwishoni mwa mstari wao. Alikuwa ametembea kutoka Bagira kwa miguu, mtoto mgongoni, kitenge cha mkewe kimefungwa vibaya juu ya abakosti. Wanaume wa Bukavu hawakubeba hivyo, na hakuna mwanamke aliyecheka. Clémence alikwenda akamfungia kile kitenge upya.

Zamu yake ilipofika, Domitille aligeuka, akapokea, akatembea hatua tatu. Télesphore alisubiri.

"Maman," alisema, "liste iko na trente. Imeshajaa. Mie mwenyewe niliijaza."

"Utatafuta pa kuandika kisha," alisema Domitille, na tayari alikuwa ameingia ndani na mtoto. "Kwanza akule."